Mtandio Mwepesi Hauna Pa Kuficha Kosa



Mimi ni mama wa nyumba, mkazi wa Kisarawe. Tuna shamba la mihogo na mikorosho michache. Jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, mimi huketi kibarazani nikafuma. Nimefuma vitambaa vya meza na vya makochi tangu sijaolewa, na fedha zake zimenunua madaftari na sare za shule za watoto wangu. Leo nataka kukusimulia habari ya mtandio mmoja tu, kwa kuwa mtandio huo ulinifunza jambo ambalo mfumaji wa miaka yangu alipaswa kulijua zamani.

Mama yangu alikaa Kibaha, nyumbani kwa kaka yangu. Wazee wetu walihamia huko miaka ya 1960. Wakati ule nchi za Nordic zilikuwa zikisaidia kujenga kile kituo cha elimu kilichoanza mwaka 1963, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa Serikali yetu, na leo tunakiita Shirika la Elimu Kibaha. Baba alipata hapo kazi ya bustani. Mama alikaa nyumbani akafuma, na mimi nikajifunza kwake, chini ya mwembe, kwa sindano ambayo baba aliitengeneza kwa spoki ya baiskeli. Aliisugua juu ya jiwe hata ncha yake ikapata ndoana.

Mwaka ule ninaousimulia, kipupwe kilimkuta mama kitandani mwezi wake wa nne. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika. Asubuhi alisikia baridi mabegani, na kila Jumapili, alipoletewa Komunyo, alitaka awe amejisitiri vizuri. Nilipokwenda kumsalimu, akaniambia:

“Blanketi linanielemea, mwanangu. Kanga nayo inadondoka kila nikigeuka. Nifumie mtandio wa kimia. Nataka kitu kinishike bila kunilalia.”

Nikamwitikia, “Haya mama, nitafuma.” Nikarudi Kisarawe.

Labda wewe msomaji hujapata kufuma mtandio wa namna hiyo. Basi nikueleze, maana si kazi ya siri. Wepesi wake hutoka katika mambo mawili. Kwanza ni uzi: chagua uzi wa pamba ulio mwembamba na laini. Pili ni sindano: tumia iliyo nene kidogo kuliko ile ambayo ungeitumia kwa kitambaa cha meza. Sindano nyembamba hukaza uzi, nawe utapata kitu kigumu kama mfuko. Sindano nene huacha vitanzi vipumue. Mtandio wa kimia kwa kweli ni matundu yaliyozungushiwa uzi, na mfumaji ayatunze matundu kama anavyoutunza uzi.

Kazi huanzia katikati ya shingo. Fuma cheni nne, uzifunge ziwe pete. Ndani ya pete tia nguzo tatu, cheni mbili, na nguzo tatu tena. Nguzo ndivyo tulivyoviita nyumbani vile vitanzi virefu vinavyosimama wima. Nguzo tatu zikikaa pamoja ni fungu moja, na kati ya fungu na fungu kuna cheni moja. Basi mstari wa kwanza una mafungu mawili. Katika kila mstari unaofuata, tia fungu moja katika kila tundu, na katika tundu la pembe ya katikati tia mafungu mawili yaliyotengwa kwa cheni mbili. Usisahau matundu ya pembeni, mwanzo na mwisho wa mstari. Ukifanya hivyo, kila mstari utazidi ule uliotangulia kwa mafungu mawili, na mtandio utapanuka wenyewe kama bawa.

Kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi hata kwa mtoto. Mstari wa 10 una mafungu 20. Mstari wa 30 una mafungu 60. Ukipata pungufu au zaidi, umekosea.

Mimi nilikosea katika mstari wa 31. Ilikuwa usiku, taa ilikuwa hafifu, na mawazo yangu yalikuwa kwa mama. Nilihesabu nikapata mafungu 61, na yalipaswa kuwa 62. Nilikuwa nimeruka tundu moja. Sasa sikia nilivyofanya. Sikufumua. Nilisema moyoni kwamba nimechoka, na kwamba kosa lenyewe ni dogo. Katika mstari wa 32, nilipofika pale penye pengo, nikabana mafungu mawili mahali pa moja. Hesabu ikarudi kuwa 64, sawasawa kabisa. Nikaendelea na mstari wa 33, na wa 34, nami nikasahau.

Si mara ya kwanza kufanya hivyo. Hilo ndilo linaloniuma kulisema, lakini nimeanza kulisema, basi nilimalize. Katika vitambaa vya kuuza nilikuwa na desturi hiyo miaka mingi. Mteja ana haraka, mimi nina shida ya fedha, na kosa likikaa upande wa ndani nani atalitazama? Hutia wanga wa mihogo, nikapiga pasi, kitambaa kikakauka kimesimama, na kosa likalala chini ya wanga.

Lakini mtandio hautiwi wanga. Ukiutia wanga umeuua. Huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, haukamuliwi kwa kusokotwa bali hubanwa ndani ya taulo, kisha hutandazwa kivulini juu ya shuka safi, ukingo ukishikwa kwa pini hadi ukauke. Hapo kila tundu hufunguka. Kosa halina mahali pa kujificha.

Mistari 47 ilipotimia, nikaikunja kazi katika kanga nikaenda nayo Kibaha, ili nimpime mama mabegani nijue imebaki mistari mingapi. Nilipanda gari hadi Dar es Salaam, kisha gari jingine la barabara ya Morogoro, nami njia nzima nilikuwa na furaha.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umeuleta?”

Nikamwekea mikononi. Hakuujaribu mabegani. Alianza kuupitisha kati ya vidole vyake, polepole, tundu kwa tundu, mstari kwa mstari, kama mtu anayesali rozari. Nilimwangalia vile vidole vyembamba vinakwenda, nami nikaanza kuogopa. Vilipofika mahali fulani vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikaenda tena, vikasimama palepale.

“Hapa pamesongamana,” akasema. “Uliruka tundu mstari wa chini, ukaziba mstari wa juu.”

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia kwamba hakuna mtu atakayeona.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole, “Na wale wanaonunua vitambaa vyako, nao ndivyo unavyowafanyia?”

Msomaji wangu, nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nami niliinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

“Nifumue, mama?” nikamwuliza. Kwa kweli nilitaka aseme hapana. Tulijua wote wawili kwamba siku zake hazikuwa nyingi.

“Fumua,” akasema. “Mimi sina haraka.”

Tuliifanya kazi hiyo pamoja. Mimi nilivuta uzi, naye aliuzungusha kuwa donge, akinikumbusha asiukaze, maana uzi uliofumuliwa ukikazwa huchoka. Nilipaswa kurudi hadi mstari wa 30. Hesabu mwenyewe: mistari 17, zaidi ya mafungu 1,300. Mistari yote niliyokuwa nimeifuma ilikuwa na mafungu yapatayo 2,250, basi zaidi ya nusu ya kazi ilirudi kuwa uzi. Usiku ule wa kosa ningalifumua mafungu 61 tu, kazi ya nusu saa, nikalala kwa amani. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba ufa kwa kuufunika, na ukuta ulinidai vilevile.

Siku zile nilisimuliwa habari moja ya kweli ambayo sikuisahau. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi katika nchi ya Ireland, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja. Masista wa Shirika la Mtakatifu Ursula, huko Blackrock karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana kufuma kimia kwa sindano ya ndoana. Katika mji wa Clones kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1847 na Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana. Kimia chao kiliuzwa mbali kwa matajiri, na fedha zake zililisha nyumba nyingi za maskini. Fikiri, msomaji: mnunuzi hakumjua mfumaji wala hakuona uso wake. Alichokiona ni kazi ya mkono wake tu. Hata leo viwanda vinaiga kimia hicho kwa mitambo ya namna nyingine, lakini ufumaji wenyewe wa ndoana bado ni kazi ya mkono. Kila kipande unachokiona, mtu alikaa akakihesabu.

Nilirudi Kisarawe nikafuma upya. Mstari wa 31 niliuhesabu mara tatu. Nilifika mstari wa 60, mafungu 120, nikaumaliza kwa ukingo mdogo wa cheni. Ukiushika ulidhani hujashika kitu. Mama aliupitisha tena katika vidole vyake toka shingoni hadi ncha, safari hii bila kusimama, kisha akajitandia.

“Huu haunilalii,” akasema.

Aliuvaa Jumapili saba. Kabla ya kufa kwake aliagiza usiwekwe kaburini, maana kitu kilichofumwa vizuri ni cha kuvaliwa. Alitaka apewe mjukuu wake mkubwa, na ndivyo tulivyofanya.

Baada ya matanga nikakumbuka lile swali lake. Kulikuwa na mama mmoja ambaye nilikuwa nimemfumia vitambaa sita vya makochi, na viwili kati yake nilijua vina kosa. Nilifuma viwili vipya nikampelekea, nikamweleza ukweli. Nilidhani atashangaa. Yeye akacheka kidogo, akasema, “Dada, niliona tangu siku ile. Nikasema basi, huyu ndivyo afumavyo. Ndiyo maana vile vya mezani nilimpa mwingine.”

Tazama basi. Miaka yote nilidhani naficha, kumbe nilikuwa nikiuza jina langu kwa bei ya nusu saa. Watu wanaona, ila kwa heshima hawasemi. Wanaondoka tu.

Siwezi kukuambia kwamba tangu hapo sikosei. Juzi tu nimeruka tundu tena, mvua ikinyesha na watoto wakipiga kelele. Lakini nilifumua usiku uleule. Mjukuu wangu, ambaye sasa namfundisha, aliniuliza, “Bibi, kwani nani angeona?” Nikachukua ule mtandio wa mama yangu, nikamwambia afumbe macho, nikampitishia kati ya vidole vyake tundu kwa tundu.

“Umehisi nini?” nikamwuliza.

“Hakuna kitu, bibi. Sawasawa tu.”

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ninayotaka aijue. Nawe, mama mwenzangu unayefuma, au baba unayechonga, kushona au kujenga, ukiona leo kosa la mstari mmoja, usilifunike. Kaa chini, uvute uzi. Usiku huu ni mafungu 61 tu.