Tusichelewe: Hugh Tracey na kisanji cha nkambo wangu

Mimi ni mwalimu wa historia mu masomo ya sekondari hapa Likasi. Wanafunzi wangu wanajua kwamba Jean Bosco Mwenda alikuwa fundi wa gitaa. Lakini nikiuliza ni nani aliyesaidia sauti yake kuvuka mipaka ya Katanga, darasa lote linanyamaza. Leo ninataka kueleza kazi ya huyo mtu, na pia aibu yangu mwenyewe.

Hugh Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903. Alipokuja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alikuja kulima tumbako kwa kaka yake, si kusoma muziki. Mu shamba akajifunza nyimbo za Wakaranga waliofanya kazi pamoja naye. Baadaye Holst na Vaughan Williams, watungaji wakubwa wa muziki wa Uingereza, wakamshauri aache nadharia kwanza, akusanye nyimbo.

Shauri hilo likawa njia ya maisha yake. Alifanya kazi ya redio Afrika Kusini, akatoa kitabu juu ya wanamuziki Wachopi wa Msumbiji mwaka 1948, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika. Alitembea na vyuma vidogo vya meno mawili: ukivigonga, kila kimoja kinatoa sauti moja isiyobadilika. Kwa hivyo alipima namna wazee walivyopanga sauti za marimba zao. Maikrofoni aliishika mkononi, akaisogeza karibu na yule aliyetaka asikike.

Kwetu Kongo alipita mwaka 1952 na 1957, akanasa muziki wa Wakanyok na Waluba. Likasi, ile wakati ikiitwa Jadotville, ndiko alikomkuta kijana Mwenda, akanasa wimbo wake « Masanga ». Tracey alipenda zaidi muziki wa vijiji, na mambo ya kuiga Ulaya hayakumpendeza. Kumbe gitaa la Mwenda lilimshinda, akalisifu. Hapo ndipo ninamheshimu: mhakiki mzuri ni yule anayekubali sikio lake limkosoe.

Sasa aibu yangu. Mwaka 2004, nikiwa mu ISP, niliandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya nyimbo za nkambo wangu, mpigaji wa kisanji mu kijiji karibu na Bukama. Niliandika maneno yote mu daftari. Redio-kaseti ilikuwako, lakini mapile yalikuwa yamekwisha. Nikamwambia: « Nkambo, nitarudi likizo na mapile mapya. » Akacheka: « Kuya tu na ile mashini yako, mwana. Miye niko. »

Likizo ilifika, nkambo hakuwako tena.

Siku ya kutetea kazi yangu, mwalimu mmoja aliniomba niimbe wimbo mmoja. Sikuweza. Nilisoma maneno kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya soko. Diploma nilipata, lakini muziki wenyewe ulikwisha kuzikwa.

Kuna pia la kulaumu. Tracey alikufa mwaka 1977, na maktaba yake iko mu Chuo Kikuu cha Rhodes, mu mji wa Makhanda ambao zamani uliitwa Grahamstown. Mjukuu wa mpigaji wa Kikanyok atapiga hodi mbali sana ili asikie nkambo wake. Kukusanya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kurudisha sauti kwa wenyewe.

Lakini nani atatukataza sisi kuanza? Siku hizi simu ya mkononi inanasa sauti bila kanda. Ninawaomba wanafunzi wangu wafanye mambo haya: waombe ruhusa, waandike jina la mwimbaji na kijiji chake, waulize wimbo unaimbwa wakati gani, na waachie jamaa nakala.

Mmoja wao alirudi na wimbo wa mama mzee wa kwao. Katikati mama anakohoa, anaomba maji, halafu anaendelea. Kijana akaniuliza: « Mwalimu, nikate ile kikohozi? »

Nikamjibu: « Acha. Hata hicho kikohozi, siku moja mtakitafuta. »