Kutoka Kitengela hadi Horini

Nikikuuliza mkazi wa Kitengela aende wapi akasimame juu ya ubao majini na kupiga kasia, huenda ukadhani nafanya mzaha. Kwetu maji huuzwa kwa mitungi. Hata hivyo, jina Kajiado latokana na maneno ya Kimaasai, Ol Keju Ado, yaani mto mrefu. Swali basi si la kipuuzi.

Nilianza kutafuta karibu. Ziwa Magadi limetandazwa magadi. Ziwa Amboseli huwa vumbi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mto Kitengela hunywea kiangazi, na masika huweza kufurika. Katika mafuriko ya mwaka 2024, baadhi ya wakazi wa Kitengela walizingirwa na maji. Naivasha maji yapo, lakini viboko nao wapo. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, liliwahi kupendwa na waendesha mashua za tanga kabla ya magugumaji na taka kulifunika.

Nilipanda treni katika kituo cha Athi River hadi Mombasa, kisha matatu hadi Watamu, kwenye hori ya Mida iliyozungukwa na mikoko. Mzee mmoja mvuvi nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaniuliza kama najua bamvua. Nilimpa maana ya kamusi. Akacheka.

"Mwanangu, bamvua ndiyo leo. Maji yatajaa sana, na yakitoka hayakungoji. Utabaki topeni na ubao wako. Ingia yakijaa, tena asubuhi, upepo haujashika."

Nilifuata neno lake. Ubao ule ni mgeni, lakini kusimama chomboni si jambo geni kwa Waswahili: mwenye mtumbwi, penye maji haba, husimama akapiga pondo. Neno hilo nilikuwa nimelisoma darasani. Siku hiyo nilimwona mtu akilitenda.

Kilichonigusa zaidi ni jambo la jiografia. Mto Kitengela huingia Mto Athi. Athi nao hubadilika jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi, si mbali na Mida. Maji ya kwetu yalitangulia kufika pwani kabla yangu, tena bila nauli. Hali kadhalika chupa ya plastiki itupwayo mtoni Kitengela yaweza kusafiri njia iyo hiyo.

Kwa hiyo, anayeniuliza aende wapi, namwelekeza Mida, au hori ya Kilifi, maji yakijaa. Namwomba pia, kabla ya safari, aangalie kinachotupwa katika mto ulio nyuma ya nyumba yake. Mvuvi yule hajawahi kufika Kitengela, lakini yatokayo Kitengela yana njia ya kumfikia.