Mtoto si samaki, usimkunje kwa nguvu

Je, mwanao anayependa sarakasi amewahi kukulalamikia kwamba makalio yanamuuma? Usimcheke, wala usimwambie ni uvivu.

Hapa Garissa ninakoishi, watoto hujifunza kubinuka na kupiga msamba mchangani jua likishapoa. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11 ni mmoja wao. Juzi aliniambia, "Shangazi, nikikaa duksini, hapa panawaka." Alikuwa akionyesha kalio la kulia. Mwenzake mkubwa alikuwa na dawa tayari: akae msamba, naye amkandamize mabegani hadi afike chini. Ati samaki hukunjwa angali mbichi!

Nilikataa katakata. Misuli ya makalio ndiyo inayoishikilia nyonga mtoto anaporuka na kutua. Ikichoka hukaza na kuuma, hasa akikaa mkekani kwa muda mrefu. Tena mifupa ya mtoto haijakomaa. Pale misuli ya nyuma ya paja inaposhikana na mfupa wa kukalia pana gegedu laini, na mvuto wa ghafla waweza kubandua kipande cha mfupa. Mtoto akisikia "ta!" akiwa katika msamba, kisha ashindwe kutembea vizuri, aonwe na daktari upesi.

Kwa maumivu ya uchovu wa misuli, apumzishe msamba na miruko kwa siku kadhaa, lakini asilale tu kitandani. Kutembea polepole kwafaa. Barafu iliyofungwa kitambaani, kwa dakika 15, hupunguza uchungu wa siku za mwanzo. Mafuta ya simsim yafaa kuchulia taratibu, mradi mtoto asilie.

Uchungu ukipungua, alale chali, akunje magoti, ainue makalio, ahesabu hadi 5, kisha ashushe. Arudie mara 10. Halafu aweke kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, na avute paja la mguu huo wa pili kuelekea kifuani kwa sekunde 30, bila kujitikisa. Asikie misuli ikivutika, si kuumia. Akirudi mchangani, akimbie polepole kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kubinuka. Nami nilimwomba mwalimu wa duksi amruhusu kuinuka kidogo kila baada ya nusu saa, naye akakubali bila maneno.

Lakini zipo dalili zisizongoja. Mtoto akichechemea, maumivu yakimwamsha usiku, au mguu ukifa ganzi, mpeleke hospitalini. Akiwa na homa na hawezi kukanyaga, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Kumbuka pia kwamba ugonjwa wa nyonga huweza kuuma gotini, kwa hivyo mwombe daktari aangalie nyonga pia.

Najua mzazi wa Liboi au Masalani ana safari ndefu hadi hospitali kuu ya Garissa. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Asikubali mtoto achomwe kwa moto mahali panapouma, kama ilivyo desturi ya kale ya baadhi ya wafugaji. Kidonda kitaongezeka, na ugonjwa utabaki ndani.

Wahenga hawakukosea: mtoto hufunzwa mapema. Ila msamba huja kwa miezi ya mazoezi ya pole pole, si kwa mikono ya mtu mabegani. Mwambie mwanao hivyo leo, na umwambie mwalimu wake pia.