Kesi Aliyoshinda Babu

Sisi tuliozaliwa baada ya 1964 tulirithi vitu vichache vya kushikika: kasha moja la njumu, picha saba, na hati ya shamba ambalo si letu tena. Hadithi, alhamdulillahi, tulirithi nyingi, na mojawapo ni ya kesi aliyoshinda Babu.

Nyote mmeisikia, mlio Muscat na mlio Cardiff. Katika miaka ya hamsini Babu alikuwa na Morris nyeusi aliyokuwa akiiegesha Darajani, kwa kuwa vichochoro vya Malindi havikuweza kuipitisha. Siku moja mkokoteni wa jirani yake, umejaa magunia ya karafuu, ukaponyoka ukaipiga gari ile, ukavunja taa na kubonyeza mlango. Jirani akasema mkokoteni ulisukumwa na mahamali, si yeye. Babu akenda mahakama ya Vuga, akashinda, akalipwa mpaka senti ya mwisho. Kila aliyetusimulia alimalizia hapo, kwa kicheko, na sisi watoto tulilala tukiwa na fahari.

Niliikumbuka hadithi ile asubuhi moja ya Mei 2023, nimesimama kwenye baridi ya Mayfair, hapa Johannesburg, nikiutazama mlango wa gari langu uliobonyea ndani kama sufuria iliyoangushwa. Kioo cha pembeni kilikuwa kikining'inia kwa waya.

Kwa msiojua mtaa huu, Mayfair uko magharibi ya katikati ya jiji, na nyumba zake nyingi ni za kale, zenye paa za bati na vibaraza vinavyotazama njia. Wengi wetu hatuna pa kuweka gari, basi magari hulala nje. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa umefika pabaya; usiku zamu ya giza ikifika, taa za njia huzimika pamoja na za nyumbani. Gari lililoligonga langu lilikuwa limeacha rangi ya kijani mlangoni, na pikapu ya kijani katika njia yetu ilikuwa moja tu, ya mzee wa nyumba ya pili. Msomali mwenye duka la pembeni alithibitisha: saa kumi alfajiri, gizani, aliiona pikapu ikitoka kinyumenyume na kusikia kishindo.

Nilikwenda kubisha. Mzee yule ni Mhindi wa asili ya Gujarat, mwuza mboga, na kama ilivyo desturi ya hapa humwita Anko. Akatoka, akatazama mlango wangu, akasema hakusikia kitu. Nikamwonyesha rangi. Akarudia kwamba hakusikia kitu. Hapo nilitamka maneno ambayo sitayaandika. Wajukuu wake walikuwa kibarazani wakisikiliza.

Kazi yangu ni mahesabu, na mtu wa mahesabu akikasirika huandaa faili. Nilipata makadirio ya gereji mbili: rand 17,800 na rand 14,300. Ninayo bima kubwa, lakini rand 6,000 za mwanzo ningelipa mwenyewe, na ada ya mwaka unaofuata ingepanda. Anko hana bima. Wageni wengi hushangaa kusikia kwamba Afrika Kusini haimlazimishi mwenye gari kukata bima. Uko mfuko wa taifa wa ajali za barabarani, ambao kila anunuaye mafuta huuchangia, wakati ule rand 2 na senti 18 kwa kila lita. Lakini mfuko huo hufidia miili ya watu, si mabati yao.

Ilinibakia mahakama ya madai madogo. Ni chombo kizuri, nami sikitukani. Iliundwa kwa sheria ya 1984. Hupokea madai yasiyozidi rand 20,000, wakili haruhusiwi kumsemea mtu, na anayeketi kuamua ni mwanasheria aliyejitolea bila malipo. Kabla ya kufungua shauri, unampelekea mdaiwa barua na kumpa siku 14. Niliandika barua yangu kwa Kiingereza kikali, nikaitia katika bahasha ya kaki, nikampa mke wake mkononi.

Siku kumi zikapita bila jibu. Anko akiniona njiani huvuka upande wa pili. Kabatini mwangu ilikuwamo sahani ya mke wake, ambayo Ramadhani iliyokuwa imetoka kwisha aliniletea ikiwa na sambusa. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo mwajua. Mimi nilikuwa nikingoja nafasi ya kupika, kisha nikawa sina haja ya kupika.

Siku ya kumi na moja nilimpigia simu shangazi Muscat, kwa hakika nikitaka kusifiwa.

"Sabalkheri, shangazi."

"Sabalkheri, mwanangu. Nasikia wamshitaki mzee wa watu."

Nikamweleza yote, makadirio kwa makadirio, nikamaliza kwa kusema kwamba nafuata nyayo za Babu. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Hiyo hadithi ya baba mwaisimulia nusu," akasema. "Kabla ya kesi, kila Ramadhani mama alikuwa akinituma kwa jirani na bakuli la tambi, nami hurudi na bakuli lile lile lina kaimati. Baada ya kesi sikutumwa tena. Mimi na binti yao tulikuwa tukipishana chuoni kama hatujuani. Halafu ikaja ile Januari. Usiku wa pili mama alitutoa kwa mlango wa nyuma, watoto wanne, tukapita mbele ya mlango wao. Ndio uliokuwa karibu kuliko yote. Hatukubisha."

"Wangetufungulia?"

"Sijui, mwanangu. Sisemi wangetufungulia. Nasema hatukubisha."

Umri wangu wote sikuwahi kulisikia hilo. Nilimwuliza kama nimsamehe basi yule mzee, nilipe mwenyewe, yaishe. Akakasirika kuliko mwanzo. "Umsamehe ili iwe nini? Kila akikuona aone deni? Mtu mwenye haya ukimsamehe fedha zote umemfukuza. Mpe kiasi anachoweza kukilipa, naye akulipe."

Jumamosi ile nilipika mkate wa kumimina, ukashikana chini kidogo, nikaukata nikautia katika sahani yao. Mke wake alinifungulia, akaitazama sahani kabla ya kunitazama mimi. Anko alikuwa sebuleni. Barua yangu ilikuwa juu ya redio, haijafunguliwa.

"Hafungui bahasha za kaki," mke wake akaniambia kwa sauti ya chini. "Tangu Fietas."

Fietas ni jina la kimtaani la Pageview, ng'ambo tu ya Mayfair. Chini ya sheria ya 1950 ya kugawa makazi kwa rangi, mtaa ule ulitangazwa kuwa wa wazungu. Wahindi waliokuwa na maduka yao katika njia ya 14 walipelekwa kupanga katika Oriental Plaza ya Fordsburg, na familia zikahamishiwa Lenasia, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kusini. Nyumba zao zilibomolewa. Anko alikuwa kijana wakati huo. Barua za serikali, akaniambia, zilikuja katika bahasha kama ile, na kila moja ilikuwa na idadi ya siku.

Nilimwomba ruhusa, nikaifungua barua yangu mwenyewe na kumsomea. Sijapata kuona haya kama siku ile. Kila sentensi niliyoitunga kwa ustadi ilitoka kinywani mwangu kama kelele ya askari. Nilipofika kwenye siku 14 nikaacha.

Kisha akageuza kichwa na kunitaka nirudie sehemu ya mwanzo, na hapo ndipo nilipofahamu. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa. Aliposema hakusikia kitu alikuwa akisema kweli. Na macho yake usiku, mke wake akaongeza, si ya kutegemea. Anko akamkemea kwa Kigujarati. Kila alfajiri huenda soko kuu la City Deep kununua mboga; watoto wake wakijua watamnyang'anya funguo, na bila funguo hana kazi.

Fedha zilitupa taabu ndogo. Tulikwenda pamoja kwa fundi wa bodi wa Fordsburg, ambaye aliona mlango ule unaweza kunyooshwa. Kioo tulikipata cha mtumba, na jumla ikawa rand 7,200. Anko akataka kulipa zote. Nikamwambia gari halikuwa jipya nalo, tukakubaliana 6,000, kwa miezi sita. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari, Msomali akatia sahihi kama shahidi, na akatuuzia kalamu.

Lililokuwa zito lilikuwa la pili. Gizani ile alfajiri palikuwa na gari langu. Pangeweza kuwa na mtoto anayekwenda madrasa. Nilimwambia hivyo, nikiwa nimekaa upande wake wa kulia, polepole. Alinyamaza. Akasema mimi ni mgeni katika mtaa huu na sina haki ya kumwambia hivyo. Ni kweli kwamba nimekuja 1999, naye alirudi Mayfair katika miaka ya themanini, wakati kukaa hapa bado kulikuwa kosa kwa mtu wa rangi yake. Sikuwa na jibu. Nilisema tu kwamba nimekuja kama jirani, na kwamba ningeweza kuyapeleka haya kwa watoto wake lakini nimeyaleta kwake. Mkate wa kumimina aliula vipande viwili kabla hajaniambia niende nyumbani.

Malipo ya mwezi wa tatu yalichelewa wiki mbili. Sikuuliza, nayo yakaja pamoja na mfuko wa bamia. Rangi ya mlango haikuoana sawasawa, na jua la mchana huonyesha. Wanangu hunitaka niuze gari.

Siku hizi mjukuu wake mkubwa, aliyepata leseni, ndiye anayeendesha kwenda City Deep kabla ya kwenda chuo. Hulisikia gari likiwaka saa kumi. Mara ya kwanza nilichungulia dirishani: kijana amekaa kwenye usukani, na Anko amesimama njiani na tochi, amevaa koti zito, akimwelekeza kurudi nyuma, mkono wake mmoja umeegemea mlango wa gari langu.