Fedha Zilizofika Kabla ya Maji

Nilipoanza kazi ya misaada katika Tana River, baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2006, kushirikiana na wenyeji kulimaanisha kupata vijana wa kupakua lori. Mashirika yalikuja na mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia na maturubai. Chifu aliitisha baraza, kamati ya ugawaji ikachaguliwa, majina yakaandikwa, watu wakapanga foleni. Kina mama waliokesha wakipikia familia zilizohama, na wenye mitumbwi waliowavusha wazee na watoto usiku, hawakuulizwa lolote. Walihesabiwa kuwa waathiriwa kama wengine, wakapewa fungu lao, wakaambiwa watie alama ya kidole gumba.

Jambo hili lilinikera tangu mwanzo, maana watu wa mtoni wanaujua mto wao. Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, yapata kilomita 1,000, na kule juu umezibwa kwa mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga likijaa na kufurika, maji huchukua siku kadhaa kupita Garissa, kisha Hola, hadi kutanda kwenye mabonde ya Garsen na delta. Mkulima wa Kipokomo mwenye migomba na mpunga ukingoni huzihesabu siku hizo. Mfugaji wa Kiorma au wa Kiwardei naye huzihesabu, maana lazima ajue ng'ombe wataondolewa lini na watapitia njia gani. Siku zile ndizo za kufanya kazi, na ndizo ambazo fedha za msaada hazikuwapo. Lori lilikuja barabara ikishakatika.

Baadaye nilipewa uratibu wa ushirikiano na ruzuku ndogo. Kwa maneno mengine, nilikuwa kati ya mfadhili mwenye masharti na kikundi chenye haja. Masharti ya wakati ule nayakumbuka vizuri: cheti cha usajili kutoka ofisi ya huduma za jamii, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, hesabu zilizokaguliwa, na andiko la mradi kwa Kiingereza lenye majedwali. Kwa vijiji vya delta, kwenda benki kulikuwa ni safari ya siku nzima hadi Malindi, na mwenyekiti, katibu na mhazini walipaswa kwenda wote watatu. Nauli ilikuwa inakula sehemu ya fedha kabla kazi haijaanza. Vikundi vilivyoweza kuyatimiza masharti hayo mara nyingi vilikuwa na mtu mmoja aliyesoma Mombasa au Nairobi akajua kuandika lugha ya wafadhili. Vilivyofanya kazi kubwa zaidi majini vilibaki nje.

Kisha kulikuwa na suala la risiti. Mwenye mtumbwi hana kitabu cha risiti. Amevusha familia moja baada ya nyingine tangu alfajiri, unamlipa, anashukuru, anarudi kwenye kasia lake. Mkaguzi wa hesabu anataka stakabadhi yenye mhuri, tena anataka bei za wauzaji watatu zilinganishwe, katika kijiji chenye duka moja ambalo nalo limezingirwa na maji. Niliona malipo halali kabisa yakikataliwa, na kikundi kikiambiwa kirudishe fedha zilizokwisha kuokoa watu. Shirika lililofanya hivyo sitalitaja. Wahazini wawili waliacha kazi hiyo ya kujitolea kwa aibu ya kushukiwa wizi mbele ya majirani zao. Hilo liliniuma kuliko upungufu wowote wa chakula niliowahi kuushuhudia, kwa sababu chakula huja tena, lakini mtu mwaminifu akivunjika moyo kijiji kizima hupata hasara.

Mabadiliko hayakuanzia kwenye mikutano. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na miaka michache baadaye hata mvuvi wa kijiji cha Ozi alikuwa na namba ya kupokelea pesa. Ujumbe wa simu ukawa ushahidi: jina, kiasi, tarehe, saa. Ilichukua muda na mabishano mengi kuwashawishi watu wa fedha makao makuu kwamba ujumbe ule ni stakabadhi iliyo bora kuliko karatasi iliyolowa, lakini mwishowe walikubali. Naamini hakuna uamuzi wa sera uliowafungulia mlango watu wa delta kama simu ile ndogo ilivyowafungulia.

Halafu ukaja mwaka 2012. Kuanzia Agosti, mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 katika vijiji kama Riketa, Chamwanamuma na Kilelengwani. Mizizi yake ilikuwa ardhi, malisho, na njia za mifugo kufikia maji, na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia zilichochea. Kwetu sisi wa ruzuku, ilimaanisha kwamba kumpa mtumbwi mmoja mtu wa upande mmoja kunaweza kusomeka kama kuchukua upande. Ndipo tukaanza kuketi na wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wazee wa Matadeda, baraza la Waorma, kabla ya shilingi yoyote kutoka. Vikao vilikuwa virefu, vingine viliisha bila mwafaka. Lakini vikundi vilivyotoka humo, vyenye mkulima na mfugaji ndani ya kamati moja, vilikuwa na nguvu ambayo fomu zetu hazikuwahi kuipima.

Mei 2016, wafadhili na mashirika makubwa walikutana Istanbul wakaahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura zitafikishwa kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Tulifurahi sana. Mwaka 2020 ulipofika, fedha zilizokwenda moja kwa moja kwa wenyeji hazikufika hata asilimia 5. Ahadi ile hata hivyo ilitupa hoja ya kusimamia tulipodai masharti yalegezwe.

Matunda ya kulegezwa huko niliyaona katika mafuriko ya 2018. Mvua za masika zilikuwa kubwa, mto ukavunja kingo, maelfu wakahamia kwenye miinuko, na barabara ya Garsen kwenda Hola ikakatika. Safari hii tulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye maswali machache: nani wameathirika, mtafanya nini, mnahitaji kiasi gani, nani atashika fedha. Asiyejua kuandika alieleza kwa mdomo mbele ya baraza na kijana mmoja akaandika. Fedha zilifika kwenye simu ndani ya siku chache. Kikundi kimoja kilikodi mitumbwi na kununua petroli ya boti. Kingine kilinunua masufuria na makaa kikawapikia wazee wasioweza kusimama kwenye foleni. Kingine, cha wafugaji, kilitaka dawa za mbuzi, na ofisini kwetu palikuwa na waliosema hiyo si dharura. Anayejua maana ya mbuzi kwa mama wa Kiorma mwenye watoto wadogo hawezi kusema hivyo. Tulilipa dawa.

Hesabu zilisomwa hadharani, chini ya mwembe, kwa Kipokomo na kwa Kiorma, na kiasi cha kila kitu kikaandikwa kwa chaki kwenye mlango wa darasa. Mama mmoja mtu mzima alisimama akauliza kwa nini petroli iligharimu zaidi ya bei ya mjini Minjila. Mhazini akamjibu kwamba ililetwa kwa boti, akamtaja mwenye boti, na mwenye boti akasimama akasema ni kweli, akataja alichopokea. Nimekaa na wakaguzi wengi wa hesabu. Sijaona ukaguzi mkali na wa haki kuliko ule.

Mwisho wa 2023, El Niño iliporudi, vikundi vilivyokuwa na akiba ndogo iliyotangulizwa viliinua maghala na kuhamisha mifugo kabla maji hayajafika. Ni mara ya kwanza katika kazi yangu kuona shilingi ikiutangulia mto.

Lakini kuna lililokataa kubadilika. Mashirika makubwa bado hulipwa gharama za uendeshaji, ilhali kikundi hupewa fedha za shughuli tu: hakuna nauli ya mhazini, hakuna mjazo wa simu, hakuna posho ya aliyelala macho. Kijana hodari akishajifunza kazi kijijini, shirika humwajiri na kumpeleka mjini. Tena mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake Januari na kulifunga shirika lake la misaada, USAID, ilipofika Julai, tuliona jinsi uzi wote ulivyokuwa umefungwa kwenye msumari mmoja. Miradi ilisimama, wafanyakazi wakaondoka. Vikundi havikuondoka, kwa kuwa pale ni kwao, ila masanduku yao ya akiba yalikuwa matupu.

Kwa hiyo nawaomba wenye uwezo wa kuamua, serikali ya kaunti, wafadhili waliobaki, na watoto wa Tana mnaofanya kazi Mombasa, Nairobi na ng'ambo: wekeni akiba mikononi mwa vikundi hivi kabla ya masika ya Machi na vuli ya Oktoba, na mlipe nauli ya mhazini. Shilingi laki mbili au tatu zinatosha kijiji kimoja kuanzia. Zikiwapo siku Masinga linapofurika, watu wa mtoni wanajua la kufanya.