Mjane na hati zake

Lubumbashi, Jumamosi 20 Julai 2024

Mwigizaji Cheng Pei-pei amefariki Jumatano. Nimeisoma habari nikiwa nimeinamia mbabula, baridi imenikaza vidole. Alijifunza baleti kabla mwongozaji King Hu hajampa upanga katika filamu ya Come Drink with Me, 1966, na inaonekana: anageuka tu, wanaume wanaanguka. Katika salle ya video kule Katuba, mimi na Yaya, dada yangu mkubwa, tulikuwa wasichana peke yetu. Filamu hizo tuliziita zote karate, hata zile za panga.

Jumapili 21 Julai

Nimeitazama tena My Young Auntie, ya 1981. Kara Hui ni binti aliyekubali kuolewa na mzee mgonjwa ili mali isimwangukie ndugu mwenye tamaa. Mzee anakufa, naye anabeba hati hadi kwa mtoto wa ndugu wa mumewe. Mwanaume huyo angeweza kumzaa, lakini kwa ukoo, binti ndiye mkubwa. Kwetu angemwita mama mkubwa. Anamwinamia kwa heshima zote.

Nilisimamisha picha hapo. Baba alipokufa mwaka 1994, mama alikaa kwenye mkeka huku mashemeji wakitoa friji, vitanda, cherehani. Sheria ya Familia ya 1987 ilikwisha kumhesabu mjane kati ya warithi. Siku ile hakuna aliyeitaja. Nilikuwa na miaka tisa, na nilitamani mama asimame.

Jumanne 23 Julai

Yaya amekuja, tumeitazama pamoja. Kwa macho ya mshonaji, aliirudisha mara tatu pale Kara Hui anapopigana barabarani akiwa na viatu virefu na gauni la kubana. Gauni lile, anasema, halikukatwa kwa ajili ya mateke, na bado mguu unapanda hadi sikioni.

Mimi kinachoniuma ni mwisho. Lau Kar-leung, mwongozaji, pambano kubwa amejipa mwenyewe, na mama mkubwa amewekwa pembeni. Angalau tuzo ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora wa kike katika Tuzo za Filamu za Hong Kong, 1982, alipewa Kara Hui.

Nikamwambia Yaya nilivyotamani mama asimame siku ile. Akanitazama muda mrefu.

“Mama asingeweza kusimama. Hati ya kiwanja ilikuwa tumboni, chini ya kitenge. Mimi ndiye niliyemfungia.”

Miaka thelathini sikujua.