Mayai ya Shangazi, Kutoka Thika Hadi Ruiru

Kila aliyesafiri baina ya Nairobi na Thika tangu Rais Mwai Kibaki alipoifungua barabara mpya mwezi wa Novemba, mwaka wa 2012, anajua jinsi ilivyo pana na laini. Lakini safari ya mkulima haianzii kwenye lami. Huanzia shambani, penye mawe na mashimo.

Shangazi yangu anafuga kuku upande wa Gatanga, nami ni karani wa serikali mjini Thika, mji ambao tangu miaka ya 1970 una kiwanda cha kuunganisha malori. Fedha za mayai ndizo zinazomlipia binti yake karo. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mwenye hoteli huko Ruiru anataka trei sita. Nipelekee, kwa maana shule inafunguliwa Jumatatu."

Niliazima pikapu ya rafiki, nikazipanga trei nyuma kabisa, nikashika njia. Tulirushwarushwa mpaka Thika. Kutoka hapo, kwa kupitia Juja, tuliteleza kama mtumbwi majini. Nilipofunua turubai kule Ruiru niliona aibu: katika mayai 180, 47 yalikuwa yamevunjika.

Fundi mmoja mzee, jirani wa hoteli ile, aliniona nimeinama. Akaniita nichungulie chini ya pikapu, penye vipande virefu vya chuma vilivyolaliana. "Bwana Karani," akasema, "springi hizi zimetengenezwa kubeba mzigo mzito. Ukizipa magunia, hupinda na mzigo ukatulia. Ukizipa mayai matupu, hazipindi; kila pigo la shimo hupanda moja kwa moja hadi kwenye trei. Tena umeziweka nyuma ya ekseli, mahali panaporuka kuliko pote."

Kisha akaikandamiza kona ya pikapu na kuiachilia. Ikapanda na kushuka mara nne. Springi, alinieleza, hupokea pigo lakini hulirudisha, kama tawi lililovutwa likaachwa. Cha kulituliza ni shokabsoba, yaani bomba lenye mafuta na pistoni ndani yake. Pistoni huyasukuma mafuta yapite katika matundu madogo. Nayo kwa kuwa hayapiti upesi, nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto na kuisha. Kona ya gari zima hupanda mara moja na kutulia. Shokabsoba za pikapu ile zilikuwa zimevuja mafuta.

"Mayai ni hasara ndogo, Bwana," akamaliza. "Gurudumu linalorukaruka halishiki barabara, na likiwa hewani breki haina kazi. Fikiri kama ungalikuwa umebeba watu."

Juma lililofuata, pikapu ikiwa kwa fundi, nilipeleka trei mbili kwa baiskeli. Nilidhani springi za tandiko zingenisaidia, kumbe zinamfaa mpandaji tu. Keria imefungwa kwenye fremu, na kinachoikinga na mawe ni hewa iliyo katika tairi, ile aliyoitumia John Boyd Dunlop huko Belfast mwaka wa 1888 kwa baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Kwa hiyo nilitandika majani makavu chini ya trei, na penye mashimo nikashuka kusukuma. Yalivunjika mayai mawili.

Safari ya tatu tulirudi kwa pikapu yenye shokabsoba mpya. Tulipakia magunia ya maparachichi ya majirani, na trei tukaziweka mbele, karibu na kibanda cha dereva. Yalivunjika matatu katika 180. Binti wa shangazi alikuwa amerudishwa nyumbani kwa siku tisa. Siku ya kumi aliingia darasani.

Wenzangu wakulima, kabla ya kupakia mazao ya miezi mingi, ikandamizeni kona ya gari. Ikizidi kucheza, au mkiona mafuta yanatiririka juu ya bomba lile, mwiteni fundi kwanza. Nanyi mnaopanda matatu kila siku, mkiona gari linayumbayumba baada ya kila tuta, msione haya kumwuliza mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami niliujenga ukuta huo kwa mayai 47 ya shangazi yangu.